Malenga

Kazi yangu ni masikio na vidole.
Asemacho Mheshimiwa, nakichapa.
Wakipiga meza, naandika: (Makofi).
Wakicheka: (Kicheko).
Kikohozi hakina mabano yake,
wala mtu anayemeza mate kabla ya kuanza.

Jumanne ile, swali namba mia moja na sita,
akasimama Ndahani Masinjisa,
suti ya kijivu, na kwenye pindo za suruali
vumbi jekundu la Chilunguli.
Zamani alikuwa bwana shamba.
Kipaza sauti anakiinamia
kama anayechungulia kisima.

Swali la msingi lilishajibiwa:
"Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua.
Upembuzi yakinifu umekamilika.
Kadiri fedha zitakavyopatikana."
Kwa maneno hayo nina kitufe kimoja tu.
Nikakibonyeza, nikanyoosha mgongo.

Akaomba la nyongeza.
Akasema pampu ilizinduliwa, utepe ukakatwa,
na utepe ule mama mmoja, Foibe Mchiwa,
aliuokota akafungia mlango wa zizi la mbuzi.
Hadi leo utepe unafanya kazi, pampu haifanyi.
(Kicheko)
Akasema hakuja kuchekesha.
Akasema wanawake wanafukua mchanga wa korongo
saa nane za usiku, kwa bakuli, kwa zamu,
ng'ombe wamepanga mstari nyuma yao
wakipumulia migongo ya watu.
Akasema mtoto wa darasa la nne
aliulizwa kwenye mtihani, taja kazi tatu za maji,
akajaza moja: kuyasubiri.
Mwalimu alimpa alama. Hakujua amnyime kwa lipi.

Kengele ya kwanza ikalia.
"Mheshimiwa, uliza swali."
Akaitazama karatasi, akaifunika,
na Kiswahili chake chote,
cha semina, cha ripoti za mvua, cha kampeni,
kikamkaukia mdomoni.
"Mheshimiwa Spika," akasema,
"watu wangu wanaomba malenga."

Ukumbi ukatazamana.
Mmoja, safu ya nyuma kabisa, akapiga meza peke yake.
Sikujua niandike (Makofi) au (Kofi).

Vidole vyangu vikasimama.
Kwa mama yangu, kule Bahi, malenga ni maji tu:
ya kunywa, ya kusongea ugali wa uwele,
ya kumwosha marehemu kabla jua halijapanda.
Neno hilo nilikuwa nimelivua
pamoja na kandambili, mwaka wa kwanza wa ajira,
mlangoni, penye zulia.

Mhariri wetu, Bwana Mwinjuma, ni mtu wa Pangani,
alikolelewa na mvua hadi akaichoka.
Akainua miwani: "Malenga?
Hawa wanaomba mtunzi wa mashairi?"
Nikamwambia, ndivyo alivyosema.
Taarifa Rasmi haifasiri.
Akafikiri, kalamu nyekundu hewani.
Akaliacha.

Basi limechapwa, limejalidiwa, limewekwa rafuni,
na chini yake jibu la Naibu Waziri,
aliyesimama bila kuuliza maana:
"Naomba nimtoe hofu Mheshimiwa Mbunge.
Tutawapelekea katika awamu ya pili ya mradi."
(Makofi)

Ipo siku mwanafunzi atalifungua buku hilo
ashangae: mwaka wa ukame,
kijiji kizima kilidai mshairi,
na Serikali ikaahidi kumleta.
Asicheke sana. Hata huyo hajafika.

Niliporudi Nkuhungu jioni ile
nilifungua bomba la uani.
Likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Nikaliachia wazi, nikaweka ndoo chini yake,
nikaingia ndani kupiga pasi
sare ya kesho.